Luteini na macho ya wazee wetu: chupa inafaa wapi, na haifai wapi

Shangazi yangu anaishi Lamu, na kwa zaidi ya miaka thelathini ameshona kofia za viua. Anayeijua kazi hiyo anajua haitaki macho ya kubahatisha. Vitobo vidogo hupangwa mstari kwa mstari, kila kitobo huzungushwa uzi, na kofia moja nzuri huchukua miezi. Mwaka juzi alinipigia simu akaniambia, "Mwanangu, kofia hii imenichosha. Mistari nimeichora mwenyewe na imenyooka, lakini nikiitazama naiona imepinda katikati."

Nilidhani ni miwani imepitwa na wakati. Kabla sijafanya lolote, jirani alimletea mtu anayezunguka na mkoba wa virutubisho. Mtu huyo alikuwa na chupa yenye picha ya jicho, na maneno yake yalikuwa matamu: vidonge hivi vina luteini, na vinaipeleka luteini moja kwa moja kwenye jicho. Chupa moja ni ya mwezi mmoja. Shangazi akaniomba msaada, nami nikatuma pesa kwa simu. Nilituma mwezi wa kwanza, wa pili, hata wa tano, na kila nilipotuma nilijiona mpwa mwema.

Mwezi wa sita alivuka hadi Mokowe, akapanda basi, akaja kwangu Mombasa. Nikampeleka kwa daktari wa macho. Daktari alimtia matone ya kupanua mboni, akamulika, akampiga picha nyuma ya macho, kisha akatueleza taratibu. Jicho la kushoto lilikuwa limevuja chini ya sehemu ya katikati na kovu lilishaanza kujenga. "Bi mkubwa, ungekuja ile wiki ya kwanza uliyoona mistari imepinda, tungeliokoa zaidi," alisema. Halafu akaongeza jambo lililonishangaza: kwa ajili ya jicho la kulia, luteini aendelee nayo, ila si ya chupa ile.

Basi kitu kilekile, kwa mtu yuleyule, jicho moja kilimchelewesha na jingine kinalifaa. Mimi si daktari. Lakini tangu siku ile nimesoma na kuuliza sana, na nimeona niyaweke hapa kwa lugha yetu yale ambayo ningependa kuyajua kabla ya kutuma pesa mara ya kwanza.

Ugonjwa wenyewe

Nyuma ya jicho kuna utando mwembamba unaopokea mwanga na kuupeleka kwenye ubongo. Utando huo ni retina. Katikati yake kuna sehemu ndogo, upana wake kama milimita 5 na nusu tu, iitwayo makula. Udogo huo usikudanganye. Kusoma, kutunga uzi kwenye sindano, kutambua sura ya mtu, kuhesabu noti, yote hayo ni kazi ya makula. Sehemu nyingine ya retina hutuonyesha kilichoko pembeni.

Umri unapokwenda, makula ya baadhi ya watu huchakaa. Uchafu ambao zamani ulikuwa ukisombwa huanza kubaki chini ya retina, ukajikusanya kama vijitone vya manjano. Madaktari huviita druseni. Vikiwa vidogo na vichache, mtu haoni tofauti yoyote. Vikiwa vikubwa au vingi, ugonjwa umefika hatua ya kati, na hapo hatari ya kupoteza uoni huongezeka.

Kutoka hapo kuna njia mbili. Ya kwanza ni aina kavu: seli za makula hufa polepole, kwa miaka, na doa la giza hukua katikati. Ya pili ni aina ya majimaji: mishipa mipya ya damu, dhaifu na isiyohitajika, huota chini ya retina, ikavuja maji na damu. Hii huweza kuharibu uoni kwa wiki au miezi, na dalili yake kubwa ni ile aliyoniambia shangazi: kitu kilichonyooka kinaonekana kimepinda. Jicho moja huweza kuwa na aina moja, na jingine likawa katika hatua tofauti kabisa.

Usichanganye ugonjwa huu na mtoto wa jicho, ambao hufanya kila kitu kiwe na ukungu na huondolewa kwa upasuaji. Wala si presha ya macho, ambayo mara nyingi hula uoni kuanzia pembeni. Mgonjwa wa makula hupoteza katikati na kubaki na pembeni. Ndiyo maana anaweza kutembea chumbani bila kujikwaa, akamimina chai bila kumwaga, lakini akakutana nawe kichochoroni asikujue. Wangapi wamesemwa kuwa wana kibri, "siku hizi hatusalimii," kumbe sura ya mtu imemezwa na doa?

Wala tusiseme ni ugonjwa wa Wazungu. Uchunguzi mkubwa uliofanywa Nakuru mwaka 2007 na 2008, kwa watu wenye umri wa miaka 50 na zaidi, ulikuta asilimia 11.2 wana ugonjwa huu katika hatua za mwanzo, na asilimia 1.2 wamefika hatua ya mwisho. Hao ni Wakenya, na ni wa rika la wazee wetu.

Luteini ni nini, na inafanya nini mle?

Madaktari wa Ulaya waliona tangu karne ya 18 kuwa katikati ya retina ya mwanadamu kuna doa la manjano. Francesco Buzzi wa Italia alilieleza mwaka 1782. Jina lake la Kilatini, macula lutea, maana yake ni doa la manjano tu. Ilichukua miaka mia mbili kujua manjano hiyo inatokana na nini hasa. Mwaka 1985 Richard Bone na John Landrum, huko Marekani, walionyesha kuwa ni rangi mbili za mimea: luteini na ndugu yake zeaksanthini.

Rangi hizi hutengenezwa na mimea, na mwili wetu hauwezi kuzitengeneza. Kila chembe ya luteini iliyomo jichoni mwako iliingia kwa mdomo. Kwenye majani manjano yake huwa imefichwa na ukijani. Kwenye kiini cha yai na mahindi ya manjano inaonekana waziwazi.

Kazi yake jichoni ni mbili. Kwanza, hunyonya mwanga wa buluu kabla haujazifikia seli za katikati, kama pazia la dirisha linavyopunguza jua la mchana. Pili, huzuia uharibifu unaoletwa na mwanga na oksijeni. Retina hutumia oksijeni nyingi na imejaa mafuta, na mafuta yakikutana na oksijeni na mwanga huchacha. Luteini na zeaksanthini hupunguza kuchacha huko.

Hapa niondoe dhana moja. Tumekua tukiambiwa karoti ni dawa ya macho. Karoti ina beta-karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, na vitamini A huzuia upofu wa usiku. Hiyo ni kweli na ni muhimu, hasa kwa watoto. Lakini beta-karotini haiwekwi kwenye makula. Rangi ya makula ni luteini na zeaksanthini, na karoti inazo kidogo mno zikilinganishwa na majani ya kijani.

Safari kutoka sahani hadi jicho

Sasa turudi kwenye yale maneno ya muuzaji: "moja kwa moja kwenye jicho." Hakuna kidonge kinachokwenda moja kwa moja kwenye jicho. Safari ni ndefu, na kila kituo kina masharti yake.

Luteini haiyeyuki kwenye maji, huyeyuka kwenye mafuta. Ndani ya jani imefungwa kwenye seli ngumu, kwa hiyo kukatakata, kupika na kutafuna ndiko kunakoifungua. Ikifika kwenye utumbo mwembamba, inahitaji mafuta ya chakula na nyongo ya kuyavunja mafuta hayo yawe matone madogo. Luteini hupanda ndani ya matone hayo na kuvuka ukuta wa utumbo. Pasipo mafuta, sehemu kubwa hupita tu na kutoka na choo. Mwaka 2004 watafiti wa Marekani waliwapa watu saladi ya mboga. Walipoitia kachumbari isiyo na mafuta, rangi za jamaa ya luteini karibu hazikuonekana kwenye damu. Walipotia mafuta, zikaonekana.

Ikishavuka, hupitia ini, kisha husafiri kwenye damu ikiwa imebebwa na chembe za mafuta, hasa zile zinazobeba kolesteroli tunayoiita nzuri. Njiani mwili huichukua kwa matumizi mengine, na nyingine huwekwa akiba kwenye mafuta ya mwili. Inayofika jichoni hukuta mlango una bawabu: retina imetengwa na damu kwa tabaka la seli zinazochagua kipi kiingie. Seli hizo zina vipokezi vya kuikamata, na ndani ya retina kuna protini za kuishika isitoke. Ndiyo maana makula hukusanya rangi hizi kwa wingi unaozidi ule wa kwenye damu mamia ya mara. Jicho lenyewe ndilo linalojua kuipeleka luteini mahali pake. Kazi yetu ni kuhakikisha imeingia kwenye damu, na tuwe na subira. Kwenye damu huongezeka kwa muda mfupi, lakini rangi ya makula hujengeka kwa miezi.

Watu huniuliza, je, tone la jicho? Si lingekuwa njia fupi? Kwa ugonjwa ulio mbele ya jicho, tone hufaa. Lakini makula iko nyuma kabisa. Tone likidondoshwa, machozi huliosha kwa dakika chache, na sehemu ndogo sana ndiyo inayoingia ndani ya jicho. Tena luteini haipatani na maji, na jicho limejaa maji. Watafiti wanajaribu njia za kulipita tatizo hili, kama vile kuifunga luteini ndani ya chembe ndogo mno za mafuta, au kuisukuma kwa mkondo hafifu wa umeme. Ni kazi ya kuvutia, lakini hadi sasa hakuna tone la luteini lililothibitishwa kuzuia ugonjwa wa makula. Ukiuziwa kwa ahadi hiyo, weka pesa yako mfukoni.

Utafiti umesema nini

Kuna tafiti mbili ambazo daktari yeyote wa macho atakutajia. Zote zilifadhiliwa na taasisi ya taifa ya macho ya Marekani.

Wa kwanza uliitwa AREDS na matokeo yake yalitolewa mwaka 2001. Watu walipewa vitamini C, vitamini E, beta-karotini, zinki na shaba kwa vipimo vikubwa. Miongoni mwa waliokuwa katika hatua ya kati, au waliokwisha kuharibikiwa jicho moja, uwezekano wa kufika hatua ya mwisho ndani ya miaka 5 ulikuwa asilimia 28 kwa waliopewa kidonge kitupu, na asilimia 20 kwa waliopewa mchanganyiko kamili. Tuseme hivi: katika kila wagonjwa 100 wa namna hiyo, 8 waliepushwa. Si haba. Lakini 20 waliendelea kuumwa hata wakimeza, na hakuna aliyerudishiwa uoni aliokwisha kuupoteza. Wala kwa wale wa hatua ya mwanzo kabisa vidonge havikuonyesha faida.

Mchanganyiko ule ulikuwa na kasoro. Beta-karotini kwa wingi huongeza hatari ya saratani ya mapafu kwa wavutaji sigara. Kwa hiyo ukaja utafiti wa pili, AREDS2, uliotolewa mwaka 2013, ukiwa na watu 4,203 wa umri wa miaka 50 hadi 85. Humo ndimo luteini ilipopimwa, miligramu 10 kwa siku, pamoja na zeaksanthini miligramu 2.

Hapa wauzaji huruka ukurasa. Jibu kuu la AREDS2 lilikuwa kwamba kuongeza luteini na zeaksanthini juu ya mchanganyiko wa zamani hakukuleta nafuu ya wazi kwa wote kwa jumla. Lakini walipotazama ndani zaidi waliona mambo mawili. Wale ambao chakula chao kilikuwa na luteini kidogo kabisa walifaidika. Na luteini ilipochukua nafasi ya beta-karotini, mambo yalikuwa mazuri zaidi na hatari ya saratani ikaondoka. Ripoti ya ufuatiliaji wa miaka 10, iliyotoka mwaka 2022, ilithibitisha hilo: waliopewa beta-karotini walikuwa na hatari ya saratani ya mapafu karibu maradufu, ilhali waliopewa luteini hawakuwa nayo, na hatari yao ya kufika hatua ya mwisho ilikuwa chini kwa takriban asilimia 20 kuliko wenzao wa beta-karotini.

AREDS2 ilipima pia vidonge vya mafuta ya samaki. Havikuleta faida kwa makula. Samaki wa sahanini ni jambo jingine, na sisi watu wa pwani hatuhitaji kuhimizwa.

Nani ameze, na ameze nini

Kwa muhtasari, vidonge hivi vina watu wake: aliyeambiwa na daktari, baada ya kumulikwa nyuma ya jicho, kuwa yuko katika hatua ya kati, au kuwa jicho moja limefika mwisho na la pili linahitaji kulindwa. Huyu wa pili ndiye shangazi yangu. Mwenye macho mazima hana ushahidi wa kumfanya anunue, hata kama babake aliugua. Yeye aache sigara, apime presha ya damu, ale mboga, akapimwe macho.

Chupa inayofuata utafiti huwa na mchanganyiko huu kwa siku: luteini miligramu 10, zeaksanthini miligramu 2, vitamini C miligramu 500, vitamini E yuniti 400, zinki miligramu 80, na shaba miligramu 2. Zipo zenye zinki miligramu 25, na AREDS2 haikuona tofauti kubwa kati ya vipimo hivyo viwili. Shaba huwekwa kwa sababu zinki nyingi huipunguza mwilini. Kwenye chupa majina utayaona kwa Kiingereza, bila ile "i" ya mwisho.

Ile chupa ya shangazi niliigeuza nyuma nikasoma. Ilikuwa na luteini miligramu 6, na maua mawili matatu ya mapambo. Zinki hamna, vitamini E hamna, zeaksanthini hamna. Kwa miezi mitano nililipia picha ya jicho.

Soma pia kilichomo na hakitakiwi. Aliyewahi kuvuta sigara asimeze chupa yenye beta-karotini. Vipimo hivi vya zinki na vitamini E ni vikubwa kuliko vya chakula, kwa hiyo mwenye maradhi ya figo, au anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, amwambie daktari kwanza. Na vimezwe pamoja na mlo wenye mafuta, si na chai tupu ya asubuhi. Mwezi wa Ramadhani, wakati wake ni baada ya kula futari au daku.

Pale ambapo kidonge hakina kazi

Aina ya majimaji haitibiwi na luteini. Hutibiwa kwa sindano ndani ya jicho, yenye dawa inayozuia kemikali inayootesha mishipa ile mibaya. Najua neno "sindano ya jicho" linavyotisha. Shangazi alisema afadhali afe. Kumbe jicho hutiwa ganzi, sindano ni nyembamba sana, na shughuli yenyewe ni ya dakika chache. Kwa kawaida huanza kwa sindano moja kila mwezi, kisha daktari huangalia jicho linavyoitikia.

Dawa ya kwanza ya kundi hili iliyofanikiwa kweli, ranibizumab, iliidhinishwa Marekani mwaka 2006, na bei yake ni ghali. Ipo nyingine, bevacizumab, iliyotengenezwa kwa ajili ya saratani. Utafiti wa mwaka 2011 ulionyesha inafanya kazi sawasawa kwenye jicho, kwa bei ya chini zaidi. Tangu mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani limeiweka katika orodha ya dawa muhimu kwa matumizi ya macho. Muulize daktari kuhusu zote mbili.

Sindano huzuia kuvuja. Pakishakuwa na kovu, haliondoki. Kwa hiyo kila wiki ina thamani, na hapo ndipo ile chupa ilipotuumiza. Luteini yenyewe haikumdhuru shangazi. Kilichomdhuru ni ile amani ya uongo kuwa "dawa naitumia," iliyotufanya sote wawili tusiulize swali lililofuata.

Mezani petu

Habari njema ni kwamba jiko la pwani lilishaijua safari ya luteini kabla ya maabara. Mchicha wa nazi ni nini kama si majani mabichi yaliyokatwa, yakapikwa, yakatiwa tui zito? Kisamvu hutwangwa kabla ya kupikwa. Majani ya kunde, matembele, mnavu, majani ya maboga, sukuma wiki, yote ni hazina, na tui au mafuta ya kukaangia ndiyo gari lake. Gramu 100 za spinachi iliyopikwa zina zaidi ya miligramu 10 za luteini na zeaksanthini kwa pamoja, kiasi kinachokaribia kile cha kidonge. Usiichemshe hadi ikawa nyeusi, na usiile bila tone la mafuta.

Yai lina kidogo, kama robo ya miligramu kwenye kiini kimoja, lakini mwili huichukua vizuri kwa kuwa tayari imo ndani ya mafuta. Mahindi ya manjano wengi tunayakumbuka kwa njaa ya 1984, tukayadharau kuwa chakula cha msaada. Kumbe manjano ile ndiyo zeaksanthini na luteini, na unga wetu mweupe karibu hauna.

Tahadhari moja: anayetumia warfarin asibadilishe ghafla kiasi cha mboga za majani anachokula, maana vitamini K iliyomo huibadilisha nguvu ya dawa. Aongee na daktari wake, wapange kiasi kisichopandapanda na kushuka.

Jipime nyumbani

Kama nyumbani mna mtu wa miaka 50 na zaidi, jaribuni hili leo. Chukueni daftari la hesabu lenye miraba, mtie nukta katikati ya ukurasa. Avae miwani yake ya kusomea, aushike ukurasa umbali wa kusomea, afunike jicho moja, aitazame nukta. Je, mistari yote imenyooka? Kuna mraba uliopotea, au doa? Kisha jicho la pili. Kufunika ni lazima, kwa sababu macho mawili yakifunguliwa, zima humfichia mwenzake aibu. Pasipo na daftari, nondo za dirisha au ukingo wa mlango hutosha.

Mistari ikipinda, au doa likatokea ghafla, msingoje mwisho wa mwezi. Nendeni kwa daktari wa macho ndani ya siku chache. Duka la miwani halitoshi, maana anayehitajika ni wa kumulika nyuma ya jicho. Hospitali kuu ya Pwani hapa Mombasa na kituo cha macho cha Kwale ni mahali pa kuanzia. Walio mbali, zahanati ya karibu iwaandikie barua ya rufaa, na mseme wazi: "Mistari imepinda."

Shangazi hashoni tena kofia za viua. Jicho la kushoto linaona pembeni tu. La kulia analipima kila Ijumaa asubuhi kwa daftari la mjukuu wake, na vidonge anameza baada ya chakula cha mchana, ule wa mchicha wa nazi ukiwemo. Juzi alinipigia simu. "Mwanangu, leo mistari yote iko sawa," akasema, kisha akaniuliza kama na mimi nimeshajipima. Nilikuwa bado. Nikafunika jicho moja palepale, simu ikiwa sikioni, nikatazama nondo za dirisha.